Mkono wa Baba Yasna

Nibaldo Cárcamo aliinua mkono wa kushoto akiwa amekaa mezani nyumbani kwake, mbele ya bakuli la supu ya kome, akabaki hivyo. Mkono wa kulia ulikuwa na kijiko.

Yasna, binti yake, alikuwa anatazama simu. Hakuinua uso.

"Nenda, baba," akasema.

Nibaldo akashusha mkono, akaweka kijiko chini, akaenda chooni. Erika, mkewe, alimfuata kwa macho mpaka mlango ulipofungwa, kisha akaendelea kukata mkate kwa nguvu kuliko mkate ulivyohitaji. Bibi Edelmira, mama yake Erika, aliyekuwa na kiti chake kando ya jiko la kuni tangu nyumba ijengwe, alichochea moto ambao haukuwa na haja ya kuchochewa.

"Mnamzoesha," Erika akasema.

"Tusipomjibu anakaa tu na mkono juu," Yasna akasema. "Juzi supu yake ilipoa mpaka mafuta yakaganda."

"Ipoe. Huyu ni mtu mzima na hapa ni kwake."

"Mwambie yeye."

Mambo haya aliyatoa kiwandani. Pale kisiwani kwetu Calbuco nusu ya watu wanakula kwa samaki wasiokuwa wao, na Nibaldo alikuwa mmoja wao, amesimama mstarini na kisu anachuna minofu. Kwenye mstari ule anayetaka kwenda haja huinua mkono usio na kisu, angoje nyapara amwitikie kwa kichwa. Nyapara aliitwa Gatica. Alikuwa na shingo ngumu, au labda kichwa chake kilikuwa kizito, maana kuitikia kulimwia kazi kubwa. Mara nyingi alisema, "Malizia kwanza hilo sanduku," na mikanda ya kiwanda haijapata kuishiwa masanduku.

Nchi yetu ina sheria ya kulinda afya ya akili kazini. Ni sheria nzuri, iliandikwa na watu wanaokwenda chooni wanapotaka. Kiwanda nacho kiliitii bila kuchelewa, kikabandika tangazo kubwa la samawati lenye picha ya jua linalocheka: AKILI YAKO NI MUHIMU KWETU. Lilibandikwa kando ya mlango wa choo, kwa hiyo ili ulisome ilibidi kwanza uinue mkono.

Ugonjwa wa Nibaldo ulijionyesha kwenye gambuti, viatu vyake virefu vya mpira vya kazini. Asubuhi moja alivaa la kwanza, akashika la pili, akaanza kulia, na hakuweza kueleza gambuti lile lilimkosea nini. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Daktari wa zahanati akamwandikia apumzike nyumbani, akapeleka maneno yake kwa bima ya ajali za kazini, na bima ikasema itachunguza. Swali lao lilikuwa moja tu: mtu huyu ameumizwa na kazi, au ameumizwa na nyumba yake? Kama ni kazi, bima ingebeba gharama, na kiwanda kingeamriwa kurekebisha mambo na kumtoa mstarini. Kama ni nyumba, hayo ni yake na mkewe, na Jumatatu arudi kwa Gatica.

Simu ikalia Nibaldo akiwa bado chooni. Erika akaipokea, akasikiliza amesimama wima kama anayeimba wimbo wa taifa, akasema ndiyo mara nyingi, akakata.

"Wanakuja Alhamisi," akasema. "Mwanamke. Anataka kutuona tunavyoishi."

Bibi Edelmira akaizungushia macho jikoni: nguo za ndani zilizoanikwa juu ya jiko, paka aliyelala ndani ya kikapu cha vitunguu, na benchi lenye mablanketi ambalo Nibaldo alikuwa akilala peke yake tangu mvua zianze.

"Basi itabidi tuanze kuishi," akasema.

*

Kesho yake Erika alikwenda kwa Eladio Oyarzo. Eladio alikuwa baba wa ubatizo wa Yasna, na mstarini alisimama bega kwa bega na Nibaldo, karibu kiasi cha kujua asubuhi mwenzake amekula nini. Alimkuta bandani anapasua kuni.

"Nasikia watu wa bima wamekuita," Erika akasema.

"Wameniita."

"Ukasemaje?"

"Nimesema Nibaldo ni mchapakazi." Eladio akasimamisha gogo. "Wakauliza Gatica je. Nikasema naye ni mchapakazi."

"Na walipouliza kama kuna kitu kilitokea?"

"Nimesema kule ndani kuna kelele za mashine. Mtu hasikii vizuri."

"Waliuliza ulichosikia au ulichoona?"

Shoka likashuka. Gogo likagawanyika vizuri sana, na Eladio akalitazama kana kwamba limemshangaza.

"Mama Yasna, mkataba wangu unaisha mwezi wa nane," akasema. "Wewe unajua nina watoto. Nimesema kweli. Ila kweli yangu imekuwa fupi kidogo."

"Kwa hiyo kuna kitu."

"Muulize mumeo."

"Mume wangu haongei. Analala kwenye benchi, anafua suruali zake mwenyewe bombani, mvua inanyesha, na haongei. Mwanaume anayejifulia suruali, Eladio, mimi nifikirie nini?"

Eladio alielewa alichokuwa anafikiria, akawa mwekundu kwa niaba ya rafiki yake. Alifungua mdomo, na kwa muda mfupi ilionekana kweli yake ingerefuka. Kisha mkewe akachungulia dirishani, na mdomo ukafungwa.

"Chukua kuni hizi," akasema. "Zimekauka."

Erika hakutaka kuni zake. Alitaka kumtupia kichwani moja moja. Lakini kuni kavu wakati wa mvua ni kuni kavu, kwa hiyo akazichukua, akazibeba mpaka nyumbani akimtukana njia nzima.

*

Maandalizi yaliongozwa na Bibi Edelmira, ambaye hakushuka kitini.

"Huyo mwanamke anakuja kutafuta ugomvi," akasema. "Asiukute. Akiukuta hapa, hatauhangaikia kule kiwandani. Mtu akipata alichokuja kutafuta, anakwenda zake."

Mablanketi yakatolewa kwenye benchi, yakarudishwa chumbani kwa maonyesho. Nguo za ndani zikahamishiwa chumbani kwa Yasna, aliyelalamika. Paka alitolewa kwenye vitunguu, akarudi, akatolewa tena, na mwishowe wakaamua kuwa paka katika vitunguu ni dalili ya nyumba yenye amani. Erika, ambaye alikuwa mpishi wa shule na kwa miaka mingi alizoea kusemesha watoto mia kwa pamoja, alifundishwa na bintiye kuongea polepole.

"Mama, unafoka."

"Sifoki. Hii ndiyo sauti yangu."

"Basi siku hiyo tumia ya mtu mwingine."

Likabaki suala la mkono. Walikuwa wamelizunguka siku nzima. Erika akavuta kiti, akakaa mbele ya mumewe.

"Baba Yasna, nisikilize. Ukiinua mkono mbele ya yule mama, atadhani ni mimi ninayekunyima choo. Ataniona mimi ndiye Gatica. Tumekwisha."

"Nimekuelewa."

"Usiinue."

"Sasa nikitaka kwenda?"

"Nenda."

"Vipi?"

"Kwa miguu, Nibaldo."

Nibaldo akafikiri. Hakuwa anafanya mzaha, na hilo ndilo lililomwogofya Erika kuliko machozi. Alikuwa na mikono mipana yenye nyufa za chumvi, ameiweka juu ya magoti, anaitazama kama mifugo ya jirani iliyoingia shambani.

"Sijui unainuka saa ngapi," akasema. "Nashtukia uko juu tu."

"Ukalie," Yasna akasema.

"Mtu akikalia mkono mbele ya mgeni ataonekana mgonjwa," Erika akasema.

"Si ndiyo, mama? Si ndicho tunachotaka?"

"Tunataka mgonjwa wa kiwandani. Siyo wa hapa."

Palikuwa na tofauti, na hakuna aliyeweza kuieleza. Bibi Edelmira akainua kidole kuelekea juu ya kabati.

"Mpeni kodiani," akasema. "Mwenye kodiani hana mkono wa kuinua."

Kodiani lile lilikuwa la baba yake Nibaldo, na Nibaldo mwenyewe alikuwa akilipiga katika sherehe za watakatifu kisiwa kizima, mpaka mwaka huu. Wakalishusha, wakalipangusa vumbi. Nibaldo akapitisha mkono wa kushoto katika ukanda wake wa ngozi, akaukaza. Mkono ukatulia. Familia nzima ikapumua.

*

Afisa wa bima alifika Alhamisi alasiri akiwa amelowa, jina lake Bi Paulina Bustamante, msichana wa Santiago, mji mkuu, mwenye viatu ambavyo havikuwa vya huku. Bibi Edelmira alifanya jambo ambalo hakumfanyia hata padri: aliinuka, akampa kiti chake kando ya jiko. Wakamwekea mikate ya viazi iliyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe, wakaweka birika motoni, na kibuyu cha chai, chenye mrija mmoja wa wote, kikaanza kuzunguka.

Huku kwetu mgeni hapokewi na uso wa matanga. Unaweza kuwa umezika asubuhi. Mgeni akiingia jikoni alasiri, unamcheka paka, unamjazia kibuyu, unamuuliza kama mvua imemtesa. Utalia akishaondoka. Kwa hiyo kilichofuata Nibaldo hakukiigiza. Mwili wake ulifanya uliyofundishwa utotoni. Alimkaribisha, akamtania kuhusu viatu, akamsimulia habari ya padri aliyevuka mlangobahari na nguruwe wa sadaka, na nguruwe ndiye aliyefika bila kutapika. Bi Bustamante akacheka mpaka akafuta macho.

Mwenyeji ndiye anayejaza kibuyu, na kila kikizunguka naye anakunywa zamu yake. Hakikomi mpaka mgeni aseme asante. Neno hilo peke yake ndilo linalofunga. Mtu fulani ofisini kwao, mjini Puerto Montt, alikuwa amemwonya Bi Bustamante kwamba watu wa huku wakisikia asante wanadhani umewachoka, na msichana wa watu alidhamiria kutomkosea yeyote. Alikunywa, akarudisha kibuyu kwa tabasamu, kimya. Nibaldo akajaza, akanywa, akajaza, akampa Erika, akajaza. Birika likarudishwa motoni.

"Mnagombana, kama familia yoyote?" Bi Bustamante akauliza, kalamu mkononi.

"Hapa?" Bibi Edelmira akasema. "Hata paka hatumgombezi, mwanangu. Mtazame."

Paka alikuwa ndani ya vitunguu.

"Na wewe, Bi Erika, kazi ya mumeo imeathiri ndoa yenu?"

"Ndoa yetu ni nzuri sana," Erika akasema kwa sauti ya mtu mwingine.

"Mnalala chumba kimoja?"

"Wengine wanalala wapi?"

"Yasna?"

"Niko sawa tu. Nyumbani pazuri. Naweza kwenda kusomea mtihani?"

"Hapana," mama yake akasema, sauti ikamponyoka kidogo, akaikamata.

Kisha Nibaldo akaombwa apige kodiani. Aliyeomba ni mgeni mwenyewe, maana aliliona pale mapajani pake. Akapiga waltz ya zamani, muziki wa kucheza wawili wawili, vidole vikianza kwa kusitasita halafu vikikumbuka, na Bibi Edelmira akapiga makofi kwa wakati. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hivyo ndivyo wazee walivyosema, na balaa lilikuwa hapo hapo. Mwenyeji alipona mno.

Bi Bustamante akafunga jalada lake.

"Nimefurahi kweli," akasema. "Nilikuja na wasiwasi. Wenzake kiwandani hawakuona kitu, na hapa nakuta nyumba yenye upendo na mtu mchangamfu. Inaonekana mapumziko yamemsaidia. Kwa kweli sioni sababu ya Bwana Nibaldo kutorudi kazini Jumatatu."

Walikuwa wameisugua nyumba mpaka wakamfuta mgonjwa.

"Lakini analia," Erika akasema.

"Lini?"

"Kila siku. Gambuti. Akiona gambuti."

"Lakini hapa nimemwona ana nafuu."

"Ana nafuu. Lakini analia."

"Na anafua suruali," Bibi Edelmira akaongeza, akajuta.

Bi Bustamante akatabasamu kwa huruma, tabasamu la mtu aliyeshuhudia watu wengi wakitafuta ugonjwa baada ya kuambiwa wamepona. Akapokea kibuyu kilichojaa, akanyonya mrija mpaka ukakoroma, akakirudisha bila neno. Nibaldo akajaza, akanywa zamu yake. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alipishanisha miguu, akairudisha. Erika alimwona, na kwa macho akamwambia nenda, simama uende, una miguu. Yeye alikuwa anatazama mbele, ukutani, mahali ambapo kiwandani pangekuwa na Gatica.

Mkono wa kushoto ukaanza kuinuka.

Ulikuwa umekazwa katika ukanda, kwa hiyo uliinuka na nusu ya kodiani. Nusu nyingine ilibaki mapajani. Mikunjo ikafunguka taratibu, moja baada ya nyingine, na vidole vilivyokuwa bado vimebonyeza vikatoa sauti nene, ndefu, ya kuumwa, iliyopanda pamoja na mkono mpaka mkono ulipofika juu kabisa na pumzi ikaisha.

Yasna akafungua mdomo. Mama yake akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Bwana Nibaldo?" Bi Bustamante akasema. "Kuna jambo unataka kusema?"

"Naomba kwenda chooni."

Msichana akatazama mlango wa choo uliokuwa hatua chache nyuma ya kiti cha Nibaldo. Akamtazama Nibaldo. Akageuka, akamtazama Erika.

"Si mimi," Erika akasema. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya watoto mia, na vikombe kabatini vilisikia. "Mimi sijawahi kumkataza. Nikifa leo sijawahi. Nimemwambia aende kwa miguu."

"Unamwomba nani, Bwana Nibaldo?"

Nibaldo alionekana kulifikiria swali hilo kwa mara ya kwanza. Mkono ulikuwa umebeba uzito wa kodiani, na bado haukushuka.

"Sijui," akasema. "Naomba tu."

"Mama, acha kunikanyaga," Yasna akasema. "Nenda, baba."

Akashusha mkono, akajivua kodiani, akaenda upesi huku amejikunja kidogo. Mlango ukafungwa. Kuta za nyumba zetu ni za mbao nyembamba, na kila mtu akatafuta kitu cha kutazama. Walingoja. Maji yakavutwa, lakini mlango haukufunguka, na baada ya muda sauti ya Nibaldo ikatoka nyuma ya mbao, tulivu, kama ya mtu anayeulizwa habari za samaki.

"Siku ile niliinua vilevile. Gatica akasema malizia sanduku. Nikamalizia, nikainua tena. Akasema malizia na hilo. Pale chini pana maji kila mahali, ndiyo maana tunavaa gambuti. Nikafikiri hakuna atakayejua."

Bibi Edelmira akaweka mkono mdomoni.

"Lilijaa gambuti la kushoto," sauti ikasema. "Lilikuwa na joto. Ndivyo alivyojua, nadhani, kwa uso wangu. Akaja na mpira wa maji, akanifungulia maji yeye mwenyewe, kuanzia kiunoni kushuka, mbele ya mstari mzima. Akasema kiwanda hiki ni cha chakula, usafi kwanza. Eladio alikuwa hapo kando. Aliendelea kuchuna. Na mimi nikaendelea. Ningefanya nini?"

Kisha akasema, polepole zaidi:

"Usiku mwingine nikilala haja inanitoka. Nilihofia godoro, Erika. Ndiyo maana ya benchi."

Erika alikuwa amemshuku mumewe kwa miezi. Alikuwa amemtungia mwanamke wa nje, akampa sura, nywele, mpaka jina. Sasa aibu ikampanda kutoka kifuani hadi masikioni, na juu yake huruma, na juu ya vyote hasira kubwa isiyokuwa na mtu wa kuangukia, kwa sababu Gatica hakuwepo jikoni. Aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akaweka kiganja chake juu ya mbao.

"Mjinga wewe," akasema, polepole, na safari hii hakuna aliyekuwa amemfundisha. "Godoro si linaanikwa."

Bi Bustamante alifungua tena jalada lake. Hakuandika. Alikishika kibuyu kilichokuwa kimepoa, akakirudisha mezani.

"Asante," akasema.

*

Baadaye Bi Bustamante alikwenda kwa Eladio, akamwuliza jambo moja tu: mpira wa maji. Eladio alitazama mikono yake. "Maji yalikuwa baridi," akajibu. Ikatosha. Mwezi wa nane ulipofika mkataba wake haukuongezwa, kwa sababu, walisema, ya hali ya soko. Erika alimpelekea mkate na nusu ya zile kuni, akakaa kwa mkewe mpaka jioni.

Bima ikaamua kwamba Nibaldo ameumizwa na kazi. Kiwanda kikaamriwa kurekebisha mambo, nacho kikayarekebisha. Gatica alipelekwa semina ya afya ya akili, akarudi na cheti, akakitundika ofisini. Kuinua mkono kukapigwa marufuku kwa kuwa kunadhalilisha utu wa mfanyakazi. Badala yake pakawekwa kitufe, ukikibonyeza taa nyekundu inawaka mezani kwa Gatica, naye akipata nafasi anabonyeza cha kijani. Tangazo la samawati lilibadilishwa kwa jingine, kubwa zaidi, na jua lake lilikuwa linacheka zaidi.

Nibaldo alihamishiwa ghala la maboksi, mahali ambapo hakuna mstari wala nyapara, na choo kiko nyuma ya mlango. Wiki ya kwanza wenzake walimkuta mara kadhaa amesimama kati ya maboksi na mkono juu. Hawakumcheka. Mmoja alimwambia, "Nenda, mzee," na mwanasaikolojia ambaye bima ilimpa Nibaldo alipolisikia hilo akaita familia nzima.

"Msimjibu," akawaambia. "Mnafanya kwa upendo, najua. Lakini kila mkimruhusu, mnamkumbusha kwamba ruhusa iko kwa mtu mwingine."

"Nisimjibu baba yangu?" Yasna akauliza.

"Usimjibu."

Jioni hiyo kulikuwa na supu ya kome. Mvua ilikuwa inapiga bati, paka alikuwa mahali pake. Nibaldo alikuwa anasimulia habari ya boksi lililopasuka, akafika katikati, akanyamaza, na mkono wa kushoto ukapanda juu.

Yasna akafungua mdomo. Akaufunga. Akainamia bakuli lake, akaanza kuhesabu kome ambao alikuwa hawapendi. Erika alishika kisu cha mkate kwa mikono miwili asije akasema kitu. Bibi Edelmira alitazama moto. Supu ikaendelea kutoa mvuke, halafu ikapunguza, halafu ikaacha, na bado mkono ulikuwa juu, na hakuna aliyekuwa amewahi kumwona mtu akinyamaziwa kwa upendo namna ile, wala hawakujua kama yeye anajua kwamba ni upendo. Machozi yalikuwa yanamtiririka Yasna mpaka kidevuni, na hakuyafuta, kwa sababu kufuta kungekuwa kama kujibu.

Nibaldo akawatazama mmoja mmoja. Akatazama mkono wake.

Kiti kikakwaruza sakafu. Akasimama, mkono bado uko hewani. Akapiga hatua moja nao ukiwa hewani, na ya pili, na mahali fulani kati ya meza na mlango ukashuka kwa sababu aliuhitaji kwa kushika kitasa.

Mlango ukafungwa. Jikoni hakuna aliyesogea mpaka waliposikia maji.

"Yasna," Bibi Edelmira akasema, "nipitishie mkate."